Deraya ni ya Nani? Tabaka na Kinga ya Mhusika katika Michezo ya Fantasia

Utangulizi

Mchawi wangu alikufa saa nne na nusu usiku, katika chumba kimoja cha hosteli, mbele ya watu watano na birika la chai iliyokwisha poa. Aliuawa na kiunzi cha mifupa kilichoshika upanga wenye kutu. Hatua tatu kutoka pale alipoanguka ililala maiti ya askari aliyekufa kwa sumu, na maiti ile ilikuwa imevaa deraya nzima ya pete za chuma, haina hata tundu moja. Nilikuwa nimeiona kabla ya pambano. Nikamwambia mwendesha mchezo, "Naivua, naivaa." Akasema, "Huwezi." Nikamwuliza, "Kwani mikono sina?" Akajibu, "Mikono unayo bwana, tabaka ndilo huna. Wewe ni mchawi." Wenzangu wakacheka, dadu ikarushwa, nikafa.

Makala haya yametokana na jibu lile. Najua wapo watakaouliza mchezo wa dadu unatafuta nini katika jarida la uhakiki. Hebu kwanza nieleze mchezo wenyewe. Watu wanne watano huketi mezani. Kila mmoja humuumba mhusika wake na kumsemea. Mmoja wao, mwendesha mchezo, husimulia ulimwengu, huwasemea maadui, na huamua kwa msaada wa kanuni na dadu kama jambo lililojaribiwa limefaulu au la. Yaani hapa pana msimulizi, wahusika, mgogoro na mandhari. Kilichozidi ni kwamba kile ambacho mwandishi wa riwaya hukiamua kimyakimya, kwamba shujaa ataponea chupuchupu na rafiki yake atachomwa mkuki, hapa kimeandikwa wazi kama kanuni na kinaweza kusomwa. Kwa maoni yangu, kanuni hizo ni matini, na kanuni za deraya ni nadharia nzima ya mhusika iliyofichwa ndani ya jedwali la namba.

Swali nitakalolifuata ni moja: kinga ya shujaa inatoka wapi? Inatoka katika alichovaa, alichojifunza, au jinsi alivyo? Nitalifuata kihistoria, kuanzia Marekani ya mwaka 1971, ambako michezo hii ilizaliwa, hadi matoleo ya karibuni.

Jambo la istilahi kabla hatujaanza. Kwa Kiingereza, neno klasi hutumika katika mchezo huu kwa mambo mawili: aina ya mhusika (mpiganaji, kasisi, mchawi, mwizi) na kiwango cha ulinzi wa mwili wake. Kiswahili kinatulazimisha tuchague. La pili nitaliita daraja la deraya. La kwanza nitaliita tabaka. Mwenzangu mmoja amenionya kuwa tabaka ni neno zito mno, afadhali niseme kazi au fani. Nimelishikilia kwa makusudi, na msomaji ataamua mwishoni kama nimekosea.

Katazo la 1974

Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa kijitabu kiitwacho Chainmail, kanuni za kupiganisha vinyago vya askari wa Ulaya ya zama za kati. Ndani yake mlikuwa na jedwali la mtu kwa mtu: silaha upande mmoja, aina 8 za ulinzi upande wa pili, kuanzia asiye na kitu hadi aliyevaa deraya ya mabamba akashika na ngao. Jedwali lile halikumuuliza mtu wewe ni nani. Liliuliza umevaa nini.

Miaka mitatu baadaye, 1974, Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, na hapo mambo yakabadilika. Aina zile 8 zikawa madaraja kutoka 9 hadi 2, namba ikishuka ulinzi unapanda. Lakini sasa palikuwa na mlinzi mlangoni. Matabaka yalikuwa matatu. Mpiganaji aliruhusiwa deraya yoyote na silaha yoyote. Kasisi aliruhusiwa deraya, akanyimwa silaha zenye makali. Mchawi alinyimwa deraya kabisa, akaachiwa kisu. Mwaka uliofuata, katika nyongeza iitwayo Greyhawk, akaja mwizi, naye akapewa deraya ya ngozi tu, bila ngao.

Tuangalie namba, maana ndizo zinazosema. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza akimshambulia mtu wa daraja la 9, asiye na deraya, dadu ya pande 20 inatakiwa itoe 10 au zaidi. Akimshambulia mtu wa daraja la 2, inatakiwa itoe 17 au zaidi. Yaani mchawi hupigwa mara 11 katika 20, na aliye ndani ya mabamba na ngao mara 4 katika 20. Na uhai wa mchawi huyo wa ngazi ya kwanza ulipatikana kwa kurusha dadu moja ya pande 6, wakati pigo la silaha nalo lilirushiwa dadu moja ya pande 6. Kwa hiyo pigo moja tu lingeweza kumtoa duniani. Ndivyo nilivyokufa mimi.

Je, ni umaskini uliomzuia mchawi? Hata kidogo. Kila mhusika alianza na vipande vya dhahabu vilivyopatikana kwa dadu tatu za pande 6, jumla yake ikazidishwa kwa 10, wastani 105. Deraya ya mabamba iliuzwa vipande 50, ya pete 30, ya ngozi 15. Mchawi angeweza kuinunua siku ya kwanza na chenji ikabaki. Mali anayo, duka liko wazi, mwili unao mabega. Kinachomzuia ni jina la tabaka lake. Na kanuni haikutoa sababu.

Kisha ona hili. Katika kitabu kile kile cha 1974, elfi, kiumbe wa ngano za Ulaya ya Kaskazini, aliruhusiwa kuvaa deraya ya kimazingaombwe na bado akaloga. Binadamu akatazwa, elfi aruhusiwe. Tofauti yao ni kuzaliwa. Kumbe chuma hakizuii uchawi! Kama kingezuia, kingemzuia elfi pia. Hapa ndipo neno tabaka linapoanza kujitetea lenyewe.

Je, vitabu vilisema hivyo?

Watetezi wa katazo husema kwamba Gygax alifuata fasihi: mchawi wa hadithi huvaa joho, hashiki ngao. Hoja hii inapimika, kwa sababu mwaka 1979, mwishoni mwa kitabu cha waendesha mchezo, Gygax mwenyewe aliorodhesha waandishi waliomwathiri. Wamo J. R. R. Tolkien, Robert E. Howard, Michael Moorcock, Fritz Leiber na Jack Vance.

Tuwasome basi. Gandalf wa Tolkien havai deraya, sawa, lakini kiunoni ana upanga uitwao Glamdring na anaupiga kweli kweli. Kanuni ya 1974 ingemnyang'anya mlangoni. Elric wa Moorcock, aliyeanza kuchapishwa mwaka 1961, ni mfalme, ni mchawi mkubwa, na anakwenda vitani ndani ya deraya nyeusi akishika upanga mweusi wa Stormbringer. Kwa kanuni ya 1974 Elric hawezi kuwako. Mwandishi ametajwa katika orodha ya heshima, mhusika wake amekatazwa na jedwali.

Upande wa pili yuko Conan wa Howard. Wengi tunamjua kwa picha: kifua wazi, kipande cha ngozi kiunoni, upanga mkononi. Picha hiyo ilienezwa sana na mchoraji Frank Frazetta, ambaye majalada yake kwa vitabu vya Conan yalianza kutoka mwaka 1966, miaka 30 baada ya Howard kufariki. Lakini katika hadithi ya kwanza kabisa, The Phoenix on the Sword ya Desemba 1932, Conan anaposhambuliwa usiku chumbani mwake amekwisha jitia bamba la kifua. Kilichokosekana ni kofia ya chuma na kufunga mishipi ya ubavuni. Katika Queen of the Black Coast ya 1934 anaingia hadithini akiwa amevaa deraya ya magamba na kofia yenye pembe. Mshenzi wa Howard alikuwa na akili timamu: panapo chuma, anavaa. Aliyemvua nguo ni mchoraji.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu tutakutana na Conan huyu wa majalada tena. Kwa sasa inatosha kusema kwamba fasihi haikulileta katazo. Fasihi ilikuwa na wachawi wenye panga na mashujaa wenye deraya. Katazo lilitokana na mahitaji ya meza: kila mchezaji awe na kazi ambayo mwenzake hawezi kuifanya, ili wote wahitajiane. Mchawi aliye uchi hujificha nyuma ya mpiganaji. Mpiganaji asiyejua kuloga humlinda mchawi. Si jambo baya. Ila lilipoandikwa kama katazo bila sababu, likawa sheria ya mavazi.

Waliokataa

Haukupita muda mrefu kabla hawajatokea waliokataa. Ken St. Andre alitoa Tunnels & Trolls mwaka 1975. Humo deraya haikumfanya mtu asipigwe. Ilipunguza ukali wa pigo, jambo ambalo yeyote aliyewahi kuvaa kofia ya pikipiki atalielewa upesi. Na katika toleo la 5 la mwaka 1979 tunakuta kanuni tamu: deraya ile ile, ikivaliwa na mpiganaji, huzuia mara mbili ya inavyozuia kwa mwingine. Huu, naamini, ni mmoja wa mifano ya mwanzo ya nyongeza ya kinga inayotokana na tabaka. Ukiitazama haraka unaweza kusema ni upendeleo ule ule. Lakini kuna tofauti kubwa. Chuma ni cha wote. Anayejua kukitumia ndiye anayefaidi zaidi, kama jembe linavyolima vizuri mkononi mwa mkulima.

RuneQuest ya mwaka 1978, iliyoongozwa na Steve Perrin na kutolewa na Chaosium, ilikwenda mbali zaidi: ilifuta matabaka. Kila mhusika angeweza kujifunza upanga, kukinga kwa ngao, na kuloga. Deraya ilihesabiwa kiungo kwa kiungo: mguu una yake, mkono una yake, kichwa kina yake. Perrin alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo wa chama kilichoanzishwa Berkeley, California, mwaka 1966, ambacho wanachama wake huvaa deraya na kupigana kwa fimbo za henzirani. Yaani aliwahi kubeba uzito ule mabegani, akatoka nao jasho. Si ajabu kwamba katika kanuni zake chuma ni chuma, na ujuzi ni ujuzi, na havichanganywi.

Hivyo kufikia 1979 majibu matatu yalikuwa mezani tayari. Kwa Gygax na Arneson, kinga ni kibali. Kwa St. Andre, kinga ni chuma pamoja na mazoea ya tabaka. Kwa Perrin, kinga ni chuma na ujuzi wa mtu binafsi. Lililopendwa na wengi likawa la kwanza.

Katazo linapogeuzwa kuwa bei

Kampuni ya TSR, iliyokuwa ikichapisha Dungeons & Dragons, ilinunuliwa na Wizards of the Coast mwaka 1997, na mwaka 2000 likatoka toleo la tatu lililoandikwa na Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams. Kwanza waligeuza hesabu: sasa namba ikipanda ulinzi unapanda, kuanzia 10. Pili, wakaondoa katazo. Mchawi anaweza kuvaa chochote. Ila kila deraya ina uwezekano wa kumharibia uchawi: ya ngozi asilimia 10, shati la pete asilimia 20, mabamba kamili asilimia 35. Wachezaji walishangilia, na mimi ningekuwepo ningeshangilia. "Huwezi" imekuwa "utalipa". Ni hatua.

Lakini mhakiki haishii kwenye shangwe. Asilimia hizo zilihusu uchawi wa wachawi tu. Kasisi naye huita miujiza, hunyoosha mikono, husema maneno, tena ndani ya mabamba kamili, na hatozwi hata asilimia moja. Ikiwa chuma kinakwaza viungo, mbona viungo vya kasisi havikwazwi? Jibu ni lile la 1974, limevaa suti. Na bei ya dukani nayo ilibadilika: mabamba kamili sasa ni vipande 1,500, wakati mpiganaji huanza na wastani wa 150. Zamani mlango ulilindwa na jina. Sasa unalindwa na jina pamoja na fedha.

Nyongeza ya kinga

Sasa tunafika kwenye kiini. Kanuni za toleo la tatu zilipoanza kutumiwa kwa hadithi nyingine, zikagonga mwamba. Filamu za Star Wars, zilizoanza mwaka 1977, zina mashujaa waliovaa shati na suruali, na maadui waliovaa deraya nyeupe kutoka utosini hadi kisigino ambao wanaanguka kama maembe msimu wa upepo. Kwa jedwali la kawaida Luke Skywalker angekuwa maiti dakika ya 20. Ndipo mchezo wa Star Wars wa mwaka 2000 ukaleta kanuni mpya: kila tabaka lina nyongeza yake ya kinga, inayopanda kadiri ngazi inavyopanda, bila chuma chochote. Mchezo wa The Wheel of Time wa 2001, uliotokana na riwaya za Robert Jordan, ukafuata, na d20 Modern wa 2002 nao ukafuata. Kisha mwaka 2004, katika kitabu cha kanuni mbadala kiitwacho Unearthed Arcana, nyongeza hiyo ikaletwa ndani ya Dungeons & Dragons yenyewe, kwa meza zinazotaka mashujaa wasiovaa deraya. Conan wa majalada alikuwa amepata sheria yake.

Nakiri kwamba niliposoma kanuni hii mara ya kwanza niliandika rasimu ya makala tofauti kabisa na haya. Niliiita ukombozi. Niliandika kwamba hatimaye kinga imetoka dukani ikaingia katika utu wa mhusika. Nilikuwa nimesharidhika na kichwa cha habari. Kisha tukaketi tukaicheza.

Safari hii nilikuwa mwizi, mwepesi wa mwili, pekupeku. Mwenzangu alikuwa kasisi, mtu wa sala, amevaa kanzu. Hakuna mezani aliyevaa chuma. Likaja jitu lenye rungu. Rungu lilimkosa kasisi, rungu likanipata mimi. Tukahesabu upya, tukidhani tumekosea. Hatukukosea. Wepesi wangu ulikuwa umehesabiwa kando na kujumlishwa, na bado mtu wa kanzu alikuwa mgumu kupigwa kuliko mwizi aliyeishi maisha yake yote akikwepa mikono ya watu.

Nikarudi kwenye kitabu. Jedwali la 2004 lina safu 4. Kigezo cha kuliweka tabaka katika safu ni deraya ambayo tabaka hilo lilizoea kuruhusiwa. Lisiloruhusiwa kitu, kama mchawi, lipo safu ya chini. Lililoruhusiwa deraya nyepesi, kama mwizi, safu ya pili. Lililoruhusiwa nyepesi na za kati, kama mshenzi, safu ya tatu. Lililoruhusiwa zote, kama mpiganaji na kasisi, safu ya juu. Jamani, tusome tena taratibu. Kanuni iliyoandikwa ili kuwaachia mashujaa waende bila deraya imepima kila mmoja kwa deraya asiyoivaa! Hata yule mshenzi, Conan mwenyewe, ambaye kwa ajili ya kifua chake kilicho wazi kanuni hii inafaa kuliko zote, amewekwa chini ya kasisi.

Linganisha na d20 Modern, mchezo wa miaka miwili nyuma yake. Humo tabaka linaloanza na nyongeza kubwa kuliko yote ni la shujaa mwepesi, 3. Shujaa mwenye nguvu anaanza na 1. Shujaa mwerevu anaanza na 0. Mtu anaweza kubishana na namba hizi, lakini zinasema jambo linaloeleweka: anayekwepa vizuri hapigwi. Jedwali la 2004 halisemi hivyo. Linasema: aliyekuwa nacho afidiwe.

Mwenzangu aliyekuwa kasisi alinijibu, na jibu lake ni zuri, kwa hiyo naliandika. Alisema, "Wewe unasahau usawa wa mchezo. Mpiganaji na kasisi wamehesabiwa tangu mwanzo wakiwa na chuma. Ukiwavua bila kuwapa kitu, mchawi ambaye hakuwa na cha kuvuliwa ndiye anayetajirika. Hii si itikadi, ni kubadilisha fedha tu: aliyekuwa na mia ya zamani apewe mia mpya." Ni kweli. Kama fundi wa kanuni ningefanya vivyo hivyo. Lakini msomaji wa historia anajua kwamba siku ya kubadilisha fedha ndiyo siku unayoweza kuona nani alikuwa na nini, na nani hakuwa na kitu. Deraya ilikuwa nje ya mwili. Mtu angeweza kuibiwa, kuivua alale, kuiuza, kumpa mwenzake. Sasa imeingia ndani ya mwili, haiibiwi wala haiazimwi. Ruhusa ya 1974 imekuwa maumbile ya 2004.

Mwili wenye tundu

Sisi tuliosoma fasihi simulizi hatushangai tukisikia shujaa asiyedhurika. Fumo Liyongo, kama tunavyompata katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, alikuwa na mwili usioingia silaha, isipokuwa kitovuni, na isipokuwa kwa shaba. Achilles wa Wayunani alikuwa na kisigino chake. Waandishi wa kanuni tunaowajadili hawakumfikiria Liyongo, na sidai uhusiano wowote wa kihistoria. Nadai tu kwamba kulinganisha kunatufunza. Kinga ya Liyongo ina tundu, na tundu lile ndilo hadithi: siri, mtoto aliyeshawishiwa, usaliti. Kinga isiyo na tundu haina kisa.

Kwa upande huu nalazimika kulipa katazo la 1974 haki yake. Kutovaa deraya ndicho kitovu cha mchawi. Woga wake, kujificha kwake, na shukrani yake kwa mpiganaji anayesimama mbele yake, vyote vimetoka hapo. Aliyeandika katazo lile alifanya fasihi nzuri, hata kama alitoa hoja mbovu. Ndiyo maana makala haya hayadai mchawi avikwe mabamba kwa nguvu.

Toleo la tano la mwaka 2014 linaonyesha kwamba mvutano huu haujaisha. Mshenzi asiye na deraya hujumlisha wepesi wake na ukakamavu wa mwili wake. Mtawa hujumlisha wepesi na busara. Hapa kinga imepewa sababu inayosimulika: huyu ni sugu, yule anaona pigo kabla halijafika. Mchawi akivaa deraya asiyofunzwa hawezi kuloga. Angalau neno ni "hukufunzwa", na kufunzwa kunaweza kutafutwa. Lakini dwafu wa milimani, mmoja wa watu wafupi wa ngano za Ulaya, alizaliwa na mafunzo ya deraya za kati, hata akiwa mchawi. Elfi wa 1974 alikuwa amerudi kwa jina lingine. Toleo la 2024 limeiondoa zawadi hiyo ya kuzaliwa, na mimi naliona hilo kuwa badiliko kubwa kuliko linavyosemwa.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kanuni za deraya zimepita katika hatua kadhaa: kutoka swali la umevaa nini (1971), hadi wewe ni nani (1974), hadi umejifunza nini (1975 hadi 1979), hadi utalipa kiasi gani (2000), hadi nyongeza iliyoketi ndani ya tabaka lenyewe (2000 hadi 2004). Nimedai kwamba hatua inayoonekana kuwa huru kuliko zote, ya shujaa asiyehitaji chuma, ilibeba ngazi zile zile za chuma ndani kwa ndani katika jedwali la 2004. Na nimedai kwamba kinga yenye sababu, anayekwepa kwa sababu ni mwepesi, anayestahimili kwa sababu ni sugu, ni bora kifani na kimaudhui kuliko kinga yenye cheo.

Tulipomaliza mabishano yale chumbani, tulikubaliana kubadili kanuni moja tu kwa meza yetu. Mchawi avae akitaka, na alipe. Nikamfufua mchawi wangu kwa jina jipya, nikamvika deraya ya pete. Ikamwokoa mara mbili. Mara ya tatu alihitaji uchawi mmoja tu wa kuwatorosha wenzake, dadu ikasema chuma kimemkwaza mkono, akafa yeye na kasisi. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyesema tabaka huna. Mimi ndiye niliyechagua chuma, na wenzangu walinikumbusha hilo hadi asubuhi.

Lile neno tabaka, basi, nimelitumia kwa haki au nimelizidishia mzigo? Walimu wetu wa nadharia watakuwa na la kusema, na wenzangu wanaocheza watakuwa na lao. Uwanja uko wazi. Ninachoomba ni kwamba atakayejibu asianze kwa kusema "ni mchezo tu". Mwendesha mchezo aliponiambia siwezi kuivaa deraya ile, alinipa jibu ambalo watu wengi nje ya ule mchezo wamewahi kupewa, na alilitoa bila hata kuinua macho kutoka kwenye kitabu.